Taa za breki zimekaa: kumbukumbu ya bagi, mwezi wa 14

Jana baada ya Isha nilikanyaga breki ya bagi yangu, ile gari ya wazi ya mchangani ninayoijenga nyumbani, na taa za breki zikawaka. Zote mbili, nyekundu ya kukolea, na hakuna kitu chengine kilichowaka pamoja nazo.

Aliyewahi kujenga gari nyumbani hatashangaa kwa nini naandika kwa ajili ya taa mbili. Miezi minne nzima, kila nikikanyaga breki, balbu za dashibodi zilikuwa zikiwaka nazo kwa mbali, wekundu wa makaa yanayozimika. Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa ndogo ya nyuma inapanda na kushuka pamoja nayo. Nimelala na jambo hili, nimeamka nalo, na mama watoto ameshaijua habari ya fyuzi kuliko alivyotaka.

Mengine yote yako tayari. Chasisi ya Volkswagen Beetle ilishafupishwa inchi 14 na nusu na kuchomelewa, injini ya sisi 1600 inawaka kwa ufunguo mmoja, valvu nimezipima milimita 0.15 asubuhi ikiwa baridi, breki zimetolewa upepo na pedali ni ngumu. Bodi ya faiba imekaa juu yake na bolti zake zote. Mpango wa mwezi huu ulikuwa kioo cha mbele. Kioo bado kimo ndani ya katoni.

Tuje kwenye umeme. Fundi wa kwanza aliyenisaidia ni hodari wa magari ya Kijapani, na mikono yake imezoea Toyota, ambako ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye betri, ni mweupe wenye mstari mweusi. Volkswagen ni Wajerumani: ethi ni kahawia, na mweusi ni umeme unaotoka kwenye swichi ya ufunguo. Alipouona mweusi akaufunga kwenye chasisi. Fyuzi nyeupe ya ampea 8 ikaondoka, tukaweka nyengine, nayo ikaondoka. Hilo tulilimaliza siku ile ile. Nalitaja kwa sababu baada ya hapo niliamini kosa lolote lililobaki litakuwa la rangi za waya, nikapoteza wiki tatu kufuata rangi.

Kumbe rangi zilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa njia ya kurudi. Kwenye gari ya bati, taa unaifunga popote na bodi yenyewe inarudisha umeme kwenye betri. Faiba hairudishi kitu. Mimi hilo nililijua tangu mwanzo, ndiyo maana nyaya nne za kahawia za taa za nyuma nilizikusanya kwenye bolti moja inayopenya faiba na kukamata chasisi chini. Nilijiona nimemaliza. Ile bolti niliifungua na kuisugua msasa mara tatu. Kila mara taa zinakaa wiki, siku kumi, halafu yanarudi yale yale. Banda langu liko Bububu, Zanzibar, na upepo wa bahari unaingia humu mchana na usiku. Nikifungua nati nakuta unga wa kijani chini ya tamino, kile kichwa cha waya, laini kama poda, umeingia mpaka ndani ya nyuzi za waya chini ya mpira wake.

Na mita ilikuwa inanipoteza njia. Naiweka kwenye mlio, pale inapolia ikikuta njia ya umeme, ncha moja kwenye ganda la taa, nyengine kwenye nega (upande hasi) ya betri, inalia. Nasema ethi ipo. Lakini ule mlio hulia hata pakiwa na kizuizi cha omu ishirini au thelathini katikati. Balbu ya breki ya wati 21 ikishapata moto haifiki hata omu 7. Ukiwa na kutu ya omu tano tu njiani, karibu nusu ya umeme inaishia kwenye kutu, na uliobaki unatafuta pengine pa kupita. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili, ya wati 21 na ya wati 5, na zote hurudi kwenye ganda moja. Ganda likikosa njia, umeme wa breki unapanda kinyume kupitia uzi mdogo, unaingia kwenye waya wa taa ndogo na kwenda kuwasha dashibodi. Yale makaa ya dashibodi yalikuwa hayo.

Ninachowaomba wenzangu ni kuuacha mlio. Weka mita kwenye volti, mwambie mtoto akanyage breki, pima baina ya ganda la taa na nega ya betri huku mzigo unafanya kazi. Mimi nilipata volti 5.8, pale panapotakiwa kuwa karibu na sifuri. Betri ilikuwa na 12.4. Niliitazama namba ile kwa muda mrefu.

Kilichonishtua zaidi kilitokea siku mbili baadaye. Nilipiga stata kwa muda kidogo, halafu nikagusa kebo ya ekseleta, nikakuta ya moto, si uvuguvugu, ya moto. Injini na gia boksi vimekalia mipira, na ule mkanda wa nyuzi unaounganisha gia boksi na chasisi ulikuwa mzima kwa macho tu. Nilipoukunja ukakatika mkononi. Umeme wa stata ulikuwa unarudi kwa kebo ya ekseleta! Ningeunguza kebo, au ningeunguza gari. Nimeweka mkanda mpya wa milimita za mraba 25, lakini tangu siku ile sikuiamini tena chasisi.

Aliyenifungua akili ni fundi wa boti za faiba, mzee wa Kipemba, aliyekuja kuziba ufa wa pembe ya nyuma. Alikuwa anapaka rezini, ananiona nahangaika na mita, akaniuliza, "Mwanangu, hizi taa ethi yake iko wapi?" Nikamuonesha bolti. Akatikisa kichwa. "Baharini hakuna ardhi. Kwenye boti kila taa inakwenda kwa waya wake na inarudi kwa waya wake." Akaendelea na brashi yake.

Na Bruce Meyers wa California, aliyetengeneza bagi ya faiba ya Meyers Manx ya kwanza mwaka 1964, naye alitokea kwenye boti. Bagi ni boti yenye magurudumu, na mimi nilikuwa naifunga nyaya kama Corolla.

Nikang'oa ethi zote. Kila taa sasa ina kahawia wake wa milimita za mraba 2.5, nyaya za boti zile ambazo kila uzi umepakwa bati, hadi kwenye kipande kimoja cha shaba nyuma na chengine mbele, na kutoka hapo waya mnene wa 16 moja kwa moja mpaka nega ya betri. Tamino nimezibana kwa koleo lenye meno ya kufungana, si praya. Risasi ya kulehemu siitii tena: inaufanya waya kuwa mgumu pale pale unapotikisika, na hapo ndipo unapokatika. Mpira wa kusinyaa kwa moto juu yake, ule wenye gundi ndani, halafu vaselini.

Vipande vya shaba nimevipata Mji Mkongwe, kwa mchonga milango, mabaki ya shaba ya manjano anayofanyia njumu. Na hapo ndipo mpango wa kioo ulipokufa. Nimekwenda kwa shaba nikaona kipande cha mvule kimeegemea ukuta, kirefu kama dashibodi yangu, upana ule ule. Nimekilipia. Anakichonga mnyororo pembeni na yungiyungi katikati, geji mbili zitakaa kulia na kushoto. Dashibodi ya bati niliyoipiga rangi mwezi wa Rajabu nimeiweka juu ya kabati.

Mita jana, kwa kipimo kile kile, ilisoma volti 0.08. Nikamwita kijana wangu asimame nyuma, nikakanyaga.

"Zinawaka?"

"Zinawaka, baba. Ukuta wote mwekundu."

Nikamwambia aje akanyage yeye, nami nikaenda kusimama nyuma.