Vidole vya Asubuhi

Iringa, Jumapili usiku, mwisho wa Agosti

Nimerudi kutoka field, mazoezi ya kufundisha, juzi. Leo nimefua, nimefagia geto, halafu nikakaa kuandika ripoti. Nilipofungua daftari langu nikaangukia ukurasa mmoja wenye saa na dakika tupu. Ripoti imelala hapo pembeni tangu magharibi, sijaandika hata kichwa chake.

Nimemaliza mwaka wa pili wa ualimu, elimu maalumu. Muhula wa kwanza kabisa tulianza na nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Seli moja ina nukta sita, safu mbili za tatu tatu, na ndani ya hizo sita zinapatikana alama 63. Louis Braille alitoa kitabu chake huko Ufaransa mwaka 1829, akiwa na miaka 20 tu, umri wangu nilipoingia chuo. Kilichonitesa mimi ni kibao na ile kalamu ya chuma. Unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha unaigeuza karatasi na kusoma kushoto kwenda kulia. Maana yake kila herufi unaiandika ikiwa imegeuzwa. Herufi e ni nukta ya 1 na ya 5, i ni ya 2 na ya 4, ukizitazama ni mtu na sura yake kwenye kioo. Wiki nzima naandika kiti, karatasi ikigeuzwa inasomeka kete. D na f ni hivyo hivyo, h na j pia. Nilikuwa naota nukta.

Nikafaulu, tena vizuri. Lakini nilifaulu kwa macho. Naielekeza karatasi dirishani, mwanga uje kwa ubavuni, vivuli vya nukta vijitokeze, nasoma. Sisi walimu tunaoona, wengi wetu tunasahihisha hivyo. Sikuwahi kusoma hata ukurasa mmoja kwa vidole, na hakuna aliyenidai. Naliandika hili waziwazi kwa sababu ndilo lililonifanya nimkosee mtoto wa watu.

Shule niliyopangiwa ni ya msingi, ina kitengo cha wasioona, iko juu kwenye miinuko ya Uporoto, ukishaiacha Uyole na kushika barabara ya Tukuyu. Nilifika Julai. Anayeijua Uporoto ya Julai hahitaji kuelezwa. Ukungu unakaa mashambani kwenye viazi mpaka saa nne, majani yana maji, wakubwa kwa wadogo wamejifunga mablanketi. Darasa la kitengo lina madirisha mawili yaliyopoteza vioo zamani. Mashine za Perkins, za kuandikia nukta nundu, ni chuma kitupu, karibu kilo tano kila moja, na saa moja na nusu asubuhi ukiigusa unaondoa mkono kama umegusa barafu.

Kipindi cha kwanza kilikuwa Kiswahili, kusoma kwa sauti. Kulikuwa na kijana wa darasa la tano, haoni kabisa. Alisoma kwa kukwama. Neno moja analirudia mara tatu, anaruka mstari, anaurudia, kisha anaacha kabisa na kuficha mikono kwapani. Isitoshe, watoto wa kitengo walikuwa wanachelewa kuingia darasani. Nilikwenda kuchungulia nikawakuta bwalo la chakula, wameshika vikombe vya uji kwa mikono miwili, hawanywi, wamekaa tu navyo. Nikalalamika kwa mama mlezi wa bweni kwamba watoto wanapotezewa kipindi. Akaniangalia, akasema, "Sawa, mwalimu." Basi.

Wiki ya pili niliandika kwenye jalada la yule kijana: "Msomaji dhaifu. Hajiandai." Maneno matatu. Jalada linamfuata mtoto kutoka mwalimu mmoja kwenda mwingine mpaka anamaliza shule.

Alhamisi moja kulikuwa na kikao cha walimu, vipindi vikasogezwa, Kiswahili kikaangukia saa tano na nusu. Jua lilikuwa limetoka, watoto wametoka kuliota ukutani wakati wa mapumziko. Kijana akafungua kitabu akasoma kama maji yanayoteremka mlimani. Nikadhani amekariri. Nikamfungulia ukurasa wa mbele ambao hatujaugusa, akausoma vilevile, na pale penye alama ya mshangao akapandisha sauti.

Nikamuuliza, "Kwa nini asubuhi husomi hivi?"

"Madamu, asubuhi vidole vinakuwa vya mtu mwingine."

Alijibu bila kulalamika, kama mtu anayekueleza kuwa mvua ilinyesha.

Kesho yake niliamka alfajiri, nikatoka nje na karatasi yake, nikafumba macho. Nukta moja imeinuka kama nusu milimita tu juu ya karatasi. Mikono ikiwa ya moto nilikuwa napapasa na kupata herufi chache, polepole. Baada ya dakika kumi kwenye ule ukungu sikupata kitu. Karatasi ikawa laini, kama imefutwa. Mwili ukipigwa na baridi huivuta damu ndani, kulinda moyo na viungo vya katikati, na ncha za vidole ndizo za kwanza kuachwa. Hilo nilisoma kwenye Biolojia sekondari. Sikuwahi kuliweka karibu na nukta nundu, kwa sababu kwangu nukta nundu ilikuwa kitu cha macho. Mtoto niliyemwita dhaifu alikuwa akisoma gizani mara mbili, na bado alikuwa anamaliza aya.

Nilimfuata mama mlezi jikoni. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Aliendelea kukoroga, kisha akasema, "Sasa mwanangu, ule uji ulidhani nawapa washike kwa nini? Nawapasha mikono. Wakienda na baridi kule darasani wanapigiwa kelele." Nikasema ndaga, yaani asante, mama. Sikuwa na neno lingine. Mama huyu hakusomea elimu maalumu popote. Ameishi na watoto hao, basi, na amewatazama mikono.

Kwa hiyo ule ukurasa wa dakika. Kwa wiki tatu zilizobaki nilimpima yule kijana, kwa ruhusa yake, kurasa zinazolingana: asubuhi bila kitu, asubuhi baada ya kuchovya mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu, na saa tano. Asubuhi bila kitu, dakika 11. Baada ya beseni, 8. Saa tano, 7, siku moja 6. Ni mtoto mmoja na daftari moja, najua haitoshi kuitwa utafiti. Ila mwalimu mkuu alipouona hakubisha. Kipindi cha kusoma kikahamia baada ya mapumziko, asubuhi ikabaki ya hesabu za kichwa, hadithi na nyimbo. Chupa mbili za maji ya moto zikawa zinakuja darasani.

Nilimpigia mwenzangu, mwalimu wa siku nyingi aliyepitia Chuo cha Patandi, cha walimu wa elimu maalumu, kule Arusha kabla ya kuja kusoma digrii. Akaniambia chini ya Meru nako asubuhi ni hivyo hivyo, na kwamba yeye huangalia kucha za mtoto kabla ya kumpa kitabu. Miaka yote hiyo anajua! Nikamuuliza kwa nini hajawahi kulisema darasani. Akanyamaza kidogo, akasema hakuna aliyeuliza.

Hili ndilo linalonikaa rohoni. Tumekariri Azimio la Salamanca la 1994 kuhusu elimu jumuishi, tumekariri Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na ninayaheshimu yote mawili, bila hayo wengi wa watoto wale wangekuwa wamefichwa vyumbani. Najua pia Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wasioona dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Lakini dakika za nyongeza kwenye vidole vyenye ganzi ni dakika za ganzi. Elimu hii lazima ijue iko wapi. Hapa kwetu Nyanda za Juu baridi imo darasani, kama ubao ulivyomo.

Na baridi hiyo hiyo inadanganya upande wa pili. Darasa la tatu kulikuwa na binti mwenye ualbino aliyekuwa anakuja bila kofia. Nikamuuliza, akasema nyumbani wamemwambia kofia ni ya huko kwenye joto, Kyela. Ngozi ilikuwa imeshababuka puani. Kwenye mwinuko kama ule miale ya jua ni mikali zaidi, na wingu haliizuii yote. Nimezungumza na bibi yake mara mbili. Mara ya pili binti alikuja na kofia ya marehemu babu yake, kubwa, inamfika machoni, na bado anaivaa.

Kabla sijaondoka niliomba lile jalada. Sikufuta nilichoandika, nilikipiga mstari mmoja ili kisomeke, chini yake nikaandika ukurasa mzima, na saa.

Siku ya mwisho kijana alinipa barua, karatasi mbili za nukta nundu, akasema, "Madamu, usisome kwa macho." Nimeahidi. Usiku huu upepo wa Iringa unapita chini ya mlango na vidole vyangu ni vizito. Nimefika mstari wa tatu. Kuna neno nimelipapasa mara nyingi, sijui ni e au ni i. Nimewasha jiko, nachemsha maji.