Tom Petty, 1979: mkataba uliouzwa na msanii akiwa ndani yake

Mwaka 1979 Tom Petty, mwanamuziki wa roki wa Marekani, alijikuta ameuzwa. Yeye na bendi yake, The Heartbreakers, walisaini na Shelter, lebo (kampuni ya muziki) ndogo iliyosambaziwa kazi zake na kampuni kubwa ya ABC. Kampuni nyingine, MCA, ilipoinunua ABC, ikadai mkataba wa Petty nao ni sehemu ya mali iliyonunuliwa. Petty hakuulizwa. Akagoma, akarekodi kwa gharama zake mwenyewe, na deni likapita dola 500,000.

Kwa kawaida msanii hushindwa hapo hapo, maana lebo inaweza kusubiri miaka na yeye hawezi. Petty alipitia mlango mwingine: Mei 1979 aliomba kufilisika chini ya Sura ya 11, inayomruhusu mdaiwa kupanga upya madeni yake. Sheria ya ufilisi ya Marekani humruhusu mdaiwa, mahakama ikikubali, kuukataa mkataba ambao pande zote mbili bado hazijamaliza kuutekeleza. Mkataba wa kurekodi ndivyo ulivyo: msanii anadaiwa albamu, lebo inadaiwa malipo. Njia hiyo ingemfaa mmoja, wengine wangefuata, na lebo zililijua hilo.

Hatari kubwa ilikuwa kwenye masta, yaani rekodi halisi za studio. Enzi zile zilikuwa rili za mkanda wenye upana wa inchi 2. Ukirekodi kwa kasi ya inchi 30 kwa sekunde, rili moja inaisha kwa dakika 16 hivi. Albamu nzima ni mzigo wa kupakia kwenye gari, na mahakama ingeweza kuamuru ukamatwe. Kwa hiyo kila usiku msaidizi wa Petty aliziondoa studio akazificha, bila kumwambia zilipo, ili akihojiwa chini ya kiapo aseme hajui, na iwe kweli.

Mwishowe Petty na MCA wakapatana. Petty akabaki chini ya MCA, lakini kupitia lebo mpya ya Backstreet na kwa masharti mapya. Albamu yake, Damn the Torpedoes, ikatoka Oktoba, ikafika nafasi ya 2 Marekani.

Unayesaini leo, tafuta kwanza kipengele cha kuhamisha mkataba. Kama hakitaji kibali chako cha maandishi, lebo ikiuzwa nawe umeuzwa. Kisha piga hesabu ya advansi, pesa ambazo lebo hukutangulizia, ndipo wengi wanapoumia: deni hilo hukatwa kwenye mrabaha wako tu, yaani fungu lako la mauzo, si kwenye mapato yote. Kwa mrabaha wa asilimia 10, studio ikigharimu dola 20,000, lazima mauzo yafike dola 200,000 ndipo uone senti ya kwanza. Na masta hubaki ya lebo hata ukishalipa. Idadi ya albamu nayo iangalie: "moja na nyongeza sita" ni saba, na wa kuamua hizo sita kwa kawaida ni lebo.

Bei je? Mwaka 1981 MCA ilitaka kuuza albamu iliyofuata ya Petty kwa dola 9.98 badala ya 8.98. Akakataa kuitoa mpaka wakubali bei ya zamani. Ikauzwa 8.98.