Dola tano

Wiki hii muhula umefunguliwa, mkuu mpya wa shule ameripoti na upepo umeezua bati la jiko, lakini kinachonikosesha usingizi ni swali la Neema.

Alifika nyumbani Ijumaa na posho yake ya kwanza kutoka kwenye yale mafunzo ya misitu ya serikali. Hajavua hata buti, mama akawa amekwisha kuipangia kazi: nusu ada ya chuo ya Baraka, nusu mbolea. Nilikuwa mezani nikiandaa somo la Kidato cha Sita kuhusu Rais Roosevelt, nikaona nimepata la kumtuliza. Nikamweleza kwamba huko Marekani, tangu 1933 hadi 1942, serikali iliwapeleka makambini vijana karibu milioni tatu waliokosa kazi, wakapanda miti, wakazuia mmomonyoko wa udongo na kuzima moto misituni, na kwamba kati ya dola 30 walizolipwa kwa mwezi, 25 zilitumwa kwa wazazi wao.

“Na wasichana, dada?”

Nikamjibu kwamba kambi zile zilikuwa za wavulana.

“Basi hao wavulana walibakiwa na dola tano. Mimi nabakiwa na ngapi?”

Nikajifanya natafuta ukurasa. Miaka yote nimeipigia mstari ile 25 ubaoni kama sifa kuu ya mpango ule, na sijawahi kuitazama ile tano, ambayo huenda ndiyo iliyomfanya kijana ajione mfanyakazi.

Jumamosi Neema alitupeleka kwenye chemchemi iliyo chini ya shamba la marehemu baba. Alihesabu hatua mpaka zikatimia mita 60, ambazo sheria inakataza kufanyia shughuli yoyote ya kudumu kando ya chanzo cha maji, akatuonyesha miti yetu ya milingoti, yaani mikaratusi, iliyo ndani ya mpaka huo, akaeleza inavyoyanyonya maji. Mama, ambaye hajawahi kumwomba Neema ushauri wowote, akamuuliza, “Sasa hapa tupande nini, mwanangu?” Akajibu bila kusita kwamba ni mivengi, ile miti ya asili, na kwamba miche itakuwa tayari kitaluni mvua zikianza. Moyo wangu ulijaa furaha ambayo sijaipata tangu alipomaliza shule.

Nimeamua kulipa ada ya Baraka mimi mwenyewe, na kesho nitamweleza mama. Ila tulipokuwa tukipanda kilima kurudi nyumbani, mama alisimama mara mbili kutafuta pumzi, na kile kikohozi cha Juni hakijakwisha.