Siku moja maishani mwangu: gemu ya jahazi na mbunifu mkuu anayeanza na simu dhaifu

Saa 12:40 asubuhi

Basi la mwendokasi la kutoka Kimara, Dar es Salaam, limejaa hadi mlangoni. Mkono wangu mmoja umeshika bomba la juu, na macho yako kwenye simu za watu. Hii ni sehemu ya kazi. Tulipoanza gemu tunayoitengeneza sasa, mbunifu mkuu wa studio yetu alituambia kwamba anayetaka kujua gemu ya simu inachezwaje asikae ofisini, apande basi la asubuhi. Basi natazama. Kaka aliye mbele yangu anacheza mpira kwa dole gumba la kushoto, mkono wa kulia umening'inia kwenye bomba. Binti aliyebahatika kupata siti amepunguza mwanga wa kioo hadi mwisho ili kubana chaji. Mwingine amefungua gemu, kialama cha kusubiri kinazunguka, kinazunguka, na tunapofika Ubungo anaifunga na kurudi WhatsApp.

Kanuni yetu ya kwanza ilitoka humu: gemu ichezwe kwa dole gumba moja, simu ikiwa wima, na ifunguke kabla mtu hajakata tamaa. Mkono wa pili una kazi nyingine.

Dada, ndivyo tunavyomwita mbunifu mkuu, msimamo huo aliutoa kwa Gunpei Yokoi, mbunifu wa gemu wa Kijapani, na kila anayeajiriwa kwetu husimuliwa habari zake. Yokoi aliingia Nintendo mjini Kyoto mwaka 1965, kampuni ikiwa bado inategemea hanafuda, karata za Kijapani, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutunza mitambo ya kiwandani. Inasimuliwa kwamba siku moja, akiwa ndani ya treni iendayo kasi, alimwona abiria anapoteza muda kwa kubonyezabonyeza kikokotoo. Wazo hilo likazaa Game & Watch mwaka 1980, gemu ndogo za mfukoni zilizotumia kioo cha aina ileile ya vikokotoo, ambacho wakati huo kilikuwa kimeshashuka bei. Huo ndio ulikuwa msimamo wake maisha yake yote: chukua teknolojia iliyozoeleka, ya bei nafuu, ambayo mafundi wanaijua ndani nje, kisha itafutie kazi ambayo hakuna aliyeifikiria.

Saa 2:10 asubuhi

Ofisi yetu ni vyumba viwili ghorofani Sinza, chini kuna duka la vifaa vya ujenzi. Meza ya katikati ina simu za kupimia. Moja ina RAM ya GB 1 na kioo kilichopasuka pembeni. Nyingine betri yake imechoka. Toleo jipya la gemu huwekwa kwanza kwenye simu dhaifu kuliko zote. Kwenye simu nzuri tunaliona Ijumaa tu.

Mwanzoni niliona ni ukali wa bure. Sasa nashangaa watu wanafanyaje kazi kinyume chake. Ukiizoea gemu kwenye simu ya gharama, kila uamuzi unaufanya kwa ajili ya mtu ambaye hayuko ndani ya lile basi la Kimara.

Gemu yenyewe ni ya nahodha wa jahazi. Unabeba mizigo kati ya Kilwa, Mafia, Bagamoyo, Unguja na Pemba, na mwenye maamuzi ni upepo. Kaskazi ikivuma, kushuka kusini ni rahisi. Mwenye haraka ya kupanda juu itabidi abishe, aende mshazari huku na huko dhidi ya upepo, au asubiri kusi. Mimi ndiye ninayepanga safari: umbali, miamba, bei za bandarini, na mahali ambapo mchezaji atapata shida.

Saa 4:00 asubuhi

Mapitio. Tunakaa kuizunguka ile meza, Dada anaichukua simu yenye ufa na kucheza bila kusema neno. Kijana wetu wa michoro ameleta bahari mpya. Mawimbi yanapanda na kushuka yenyewe, jua linameta juu yake, povu linabaki nyuma ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya jahazi. Ni kazi nzuri mno, na ameihangaikia kwa muda mrefu.

Baada ya dakika chache simu imepata moto na jahazi limeanza kwenda kwa kukwamakwama. Mpanga programu anasoma vipimo. Tukitaka picha 30 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 33 tu za kuandaliwa. Mawimbi peke yake yanakula zaidi ya nusu ya muda huo.

Dada anauliza swali lake la kila siku: "Mchezaji anaamua nini hapa?"

Kimya. Kwenye mawimbi, mchezaji haamui chochote. Anaamua kwa upepo.

Anasema mawimbi yatoke. Ibaki bahari tulivu yenye mistari michache ya kuonyesha upepo unakoelekea, na muda uliookolewa uende kwenye tanga. Anakumbusha habari ya Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi ambayo Yokoi na timu yake waliitoa mwaka 1989. Kioo chake hakikuwa na rangi, kilikuwa na viwango vinne tu vya kukolea. Mshindani wake, Atari Lynx, ilitoka mwaka uleule ikiwa na rangi, na Game Gear ya Sega ikafuata 1990, nayo ya rangi. Lakini hizo mbili zilitaka betri sita na kuzimaliza kwa saa chache. Game Boy ilitumia nne, ikakaa muda mrefu zaidi. Ukijumlisha na mdogo wake wa rangi aliyekuja baadaye, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Kisha mwenzetu wa sauti anatoa wazo ambalo naamini Yokoi angelipenda. Karibu kila simu, hata ya kitochi, ina mota ndogo ya mtikisiko. Kwa nini tusiitumie kuonyesha upepo? Tanga likishika vizuri, simu itulie. Likianza kupoteza upepo, mkono uhisi mtetemo mwepesi unaozidi. Hakuna mchoro hata mmoja wa kuongeza. Chumba kizima kinachangamka, na Dada anasema wazo hilo lijaribiwe leo leo.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie wa kona. Kijana wa michoro hali vizuri. Namwachia mpaka aongee mwenyewe.

Anasema tatizo lake si mawimbi. Anasema Fumito Ueda, mbunifu mwingine wa gemu wa Kijapani, naye ni mtu wa kupunguza. Gemu yake, Shadow of the Colossus ya mwaka 2005, haina maadui wadogo wala miji. Kuna majitu 16 na nchi kubwa tupu ya kupita juu ya farasi. Lakini Ueda alipunguza ili kilichobaki kijae moyoni, na hakujali sana kama PlayStation 2, mashine ya kuichezea, itahema. Na kweli ilihema. "Sisi," anasema, "tunapunguza ili simu isichoke. Ni kupunguza kwa namna nyingine, na tusijidanganye kwamba ni kitu kimoja."

Nadhani ana haki. Wabunifu wakuu wawili wanaweza kutamka neno lilelile na studio zao zikatoa kazi zisizofanana hata kidogo, kwa sababu kila mmoja anapunguza kwa ajili ya kitu chake. Yokoi alilinda bei na betri. Ueda alilinda upweke wa kijana wa kwenye gemu yake na farasi wake. Ukifuata msimamo wa mkuu wako bila kujua unalinda nini, utakata mahali pasipopaswa. Namshauri amwambie Dada maneno hayohayo, kwa heshima, na asingoje Ijumaa.

Saa 8:15 mchana

Amemwambia. Dada amesikiliza mpaka mwisho, akamjibu: "Basi niambie mdogo wangu, bahari yetu inalinda nini?" Wamekaa pamoja kwenye kompyuta yake, na kupitia mlango ulio wazi naona wanajaribu rangi za maji: kijani cha mwambani, buluu nzito ya mkondo wa Pemba. Rangi haigharimu milisekunde. Mimi nasahihisha safari ya Mafia kwenda Kilwa na kuweka upepo kwenye jedwali lililokokotolewa kabla, ili simu isome tu badala ya kukokotoa safarini.

Saa 10:00 jioni

Wachezaji wa majaribio wamefika, watu wa mtaani tu: dereva wa bodaboda, binti wa kidato cha tatu, na mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa baharia wa majahazi. Tunamwamkia, anaitikia na kuomba maji ya kunywa. Utaratibu wa Dada ni kwamba hakuna kumwelekeza mchezaji. Mpe simu, kaa pembeni, andika.

Wazo la mtikisiko linaanguka mapema. Binti anagonga mwamba, anaanza tena, anagonga tena, na hajahisi kitu kwa sababu kwenye simu yake, tuliyomwomba aitumie, mtikisiko umezimwa. Anasema huwa anauzima kubana chaji. Dereva wa bodaboda naye vilevile. Ile simu ya bei nafuu tuliyokuwa tunaitetea asubuhi ndiyo hasa ambayo mwenyewe huzima mota.

Natazama ukutani, ilipobandikwa picha ya Virtual Boy, mashine ya gemu ya kuchungulia kwa macho. Hiyo pia ilikuwa kazi ya Yokoi, mwaka 1995, kwa falsafa ileile: taa nyekundu tu, kwa kuwa ndizo zilizokuwa za bei nafuu na zisizokula umeme mwingi. Watu walilalamika macho na kichwa kuuma, na kabla ya mwaka mzima kupita soko lake lilikuwa limekwisha. Yokoi aliondoka Nintendo mwaka 1996 na kufariki mwaka uliofuata kwa ajali barabarani. Dada aliibandika picha hiyo mwenyewe, na kwangu ni moja ya sababu za kumwamini. Ameweka mbele ya macho yetu ushahidi kwamba msimamo wake unaweza kukosea.

Kisha zamu ya mzee. Anacheza polepole, na anapofika mahali pa kubisha anatikisa kichwa. "Wanangu, jahazi haligeuki hivi." Anaeleza kwa mikono: ukiwa unabisha na tanga la pembetatu, hupitishi omo, yaani mbele ya jahazi, kwenye upepo kama mnavyofanya nyie. Unaliachia jahazi lizunguke, tezi ndiyo ipite kwenye upepo, na foromali, boriti inayobeba tanga, ihamishwe upande wa pili wa mlingoti. Ni kazi ya mabaharia wote, na kila ukigeuka unarudi nyuma kidogo. Ndiyo maana nahodha mzuri hageuki ovyo.

Dada ameacha kuandika. Anamwomba arudie. Nami naelewa kabla hajamaliza: hapa mchezaji ana jambo la kuamua. Geuka mapema upoteze umbali, au endelea na mshazari huu uukaribie mwamba. Uzito wa mchezo mzima unaweza kukaa kwenye uamuzi huo mmoja, na simu yenye ufa itaubeba bila kupata moto.

Saa 12:05 jioni

Tumeandika maamuzi ya leo kwenye daftari la studio, kila moja na sababu yake. Mawimbi yametoka. Rangi za maji, zilizochaguliwa na kijana wa michoro, zimeingia. Mtikisiko unabaki kwa anayetaka, lakini upepo lazima uonekane kwa macho bila kuutegemea, kwa hiyo bendera inarudi juu ya mlingoti. Dada ndiye aliyependekeza bendera itolewe mwezi uliopita, na ndiye aliyeandika leo kwa mkono wake kwamba irudi.

Mzee ameombwa kuja tena Jumatatu, na safari hii atalipwa kama mshauri. Mimi kesho napanga upya safari zote za kwenda juu wakati wa kaskazi, maana kugeuka kukiwa na gharama, umbali niliouweka kati ya Bagamoyo na Pemba hauwezekani tena. Kijana wa michoro anaanza bendera: picha nne, rangi mbili, na ionekane hata mwanga wa kioo ukiwa umepunguzwa hadi mwisho.