Tulivyousaka mtetemo wa ndege yetu pale Wilson

Ndege ndogo ikitetemeka, hakuna anayekosa jibu. Tulipoishusha yetu kutoka kwenye lori pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ikafungwa mabawa na kuwashwa, majibu yalianza kumiminika hata kabla injini haijapoa. Ni kabureta hizo. Hapana, ni kimo, ilizoea usawa wa bahari. Tazameni mipira ya maunti, vile vishikizo vya injini. Badilisheni plagi zote nane muone. Kila jibu lilikuwa na mantiki yake, na ukiyafuata yote utafungua ndege nzima, uifunge tena, na bado itetemeke.

Ndege yenyewe ni ya watu wawili, bawa juu, mwili wa alumini. Mwenyewe wa kwanza aliiunda kwa mikono yake kutokana na vipande vilivyokuja kwenye masanduku, nasi tukainunua watu watatu kwa kuchanga. Injini ni Rotax 912 ya nguvu farasi 100, propela ni ya mbao yenye bledi mbili. Ilikuwa imelala hangani Malindi tangu masika hadi vuli ikapita, bila kuruka. Januari ikapanda lori kuja Nairobi.

Chini ya mizunguko 3,000 ya injini kwa dakika haikuwa na neno. Kuanzia 3,500 hivi pedali zilianza kunipiga nyayo, na kwenye 4,500 sindano ya presha ya oili ilikuwa inacheza hadi naiona mbili. Nikarudisha throtoli na kuzima. Kuruka hakukujadiliwa: propela inayovuta upande inaweza kupasua maunti na kulegeza bolti, na ikifikia hapo uko angani, huna pa kuegesha.

Hoja ya kimo ndiyo iliyokuwa na wafuasi wengi, na haikuwa ya kipuuzi. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo hapa huwa tumeacha karibu sehemu moja kwa sita ya farasi wetu. Mchana joto likigonga nyuzi 25, hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 8,000. Kabureta zilizotegwa pwani zinaweza kumwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Lakini injini iliyozidiwa mafuta hukohoa na kuacha masizi meusi kwenye plagi. Yetu haikukohoa, na plagi mbili nilizozitoa zilikuwa na rangi ya kahawia safi.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyestaafu, fundi wa ndege wa miaka mingi, ambaye bado hupita hangani kunywa chai na kusahihisha watu. Nilimweleza dalili zote, akanisikiliza huku akiitazama spana mkononi mwangu.

"Inatetemeka mara ngapi kwa sekunde?"

"Sijui, Mzee. Inatetemeka sana."

"Sana si namba, kijana. Weka hiyo spana chini, ukapime kwanza."

Maana yake ni hii. Kila kitu kinachozunguka kwenye ndege kina kasi yake, na kikiwa na hitilafu kinatikisa kwa kasi hiyohiyo. Kwenye injini zilizounganishwa na propela moja kwa moja, kasi ya propela na ya injini ni ile ile, na kuzitenganisha ni kazi. Lakini Rotax 912 ya farasi 100 ina giaboksi inayopunguza mzunguko mara 2.43. Injini ikiwa 4,500, propela iko kama 1,850 tu. Ukigawanya kwa 60, propela inazunguka mara 31 hivi kwa sekunde, injini mara 75. Silinda iliyo dhaifu kuliko nyingine hutikisa mara moja kwa kila mizunguko miwili ya injini, yaani mara 37 na nusu. Hizo namba tatu ziko mbali vya kutosha, huwezi kuzichanganya.

Kipimo kilikuwa simu. Kuna programu ya bure, phyphox, iliyotengenezwa na chuo kikuu cha Aachen kule Ujerumani. Inasoma kihisi cha mwendo kilicho ndani ya simu na kuchora grafu ya mitetemo kulingana na kasi yake. Mambo mawili yanaweza kukudanganya hapo. La kwanza ni simu yenyewe: ya mwenzangu ilisoma mara 100 kwa sekunde, na kifaa kinachosoma hivyo hakiwezi kuona sawasawa chochote kinachozidi 50, kile cha 75 kingejitokeza kwa sura ya uongo mahali pasipo pake. Tukatumia yangu, inayosoma mara zaidi ya 400. La pili ni kava. Niliivua, kwa sababu mpira wa kava unameza mtetemo, kisha nikaibana simu kwenye reli ya chuma ya kiti kwa utepe mpana wa kitambaa, raundi tatu, hadi ikawa sehemu ya ndege.

Tukafunga mkia kwa kamba, tukaweka kabari kwenye magurudumu, tukawasha. Kwenye 3,500 kilele cha grafu kilisimama kwenye 24. Kwenye 4,000 kikahamia 27. Kwenye 4,500, 31. Kilikuwa kinaifuata propela hatua kwa hatua. Kwenye 37 palikuwa na kichuguu kidogo tu, na kwenye 75 kingine. Mjadala wa plagi nane ukaisha hapohapo, na hakuna aliyeurudia.

Sasa kujua kwamba ni propela hakukwambii ni nini kwenye propela. Yaweza kuwa uzito, yaweza kuwa ncha hazipiti njia moja, yaweza kuwa flanji, bamba linaloshika propela, imepinda. Tulizima swichi zote mbili za moto, tukatoa waya wa betri na plagi moja kwa kila silinda, ndipo tukathubutu kuishika bledi. Tukaweka stuli mbele ya ndege na kipande cha ubao juu yake, kikikaribia ncha ya bledi bila kuigusa, tukapiga alama ya penseli. Tukazungusha taratibu kwa mkono hadi bledi ya pili ikafika. Tofauti ilikuwa milimita 4. Kitabu cha propela yetu kinaruhusu 3.

Halafu spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Bolti zote sita zilizunguka kabla hazijafika hata nusu ya kipimo kinachotakiwa.

Mzee hakushangaa. Mbao hunywa unyevu. Malindi ilivimba ikakandamizwa na bolti. Nairobi, kiangazi cha Januari, ikakauka na kusinyaa, bolti zikabaki zinashika hewa. Kisha akauliza swali ambalo sisi watatu halikutupitia akilini: kule hangani propela ilikuwa imelala au imesimama? Tulikuwa na picha za muuzaji kwenye simu. Katika kila picha propela imesimama wima, bledi yenye stika ya namba ikiwa chini. Ikikaa hivyo miezi mingi, unyevu ndani ya mbao hushuka na bledi ya chini huwa nzito kuliko ya juu. Ndiyo maana propela ya mbao huachwa ikiwa mlalo.

Tukaifungua, tukapitisha fimbo ya chuma iliyonyooka kwenye tundu la kati, tukaiegemeza juu ya kingo mbili zilizopimwa kwa pima maji. Bledi ya stika ilishuka. Tukaigeuza, ikashuka tena.

Hapa wenye haraka huchukua msasa. Sisi tuliilaza kwenye chumba kikavu na kuiacha wiki kadhaa, tukiipima mara kwa mara, hadi tofauti ikapungua na kusimama. Kilichobaki kikarekebishwa na fundi wa propela kwa kuongeza vanishi kidogo karibu na ncha ya bledi nyepesi. Ikarudishwa, bolti zikakazwa kwa kupishana, kidogo kidogo, huku njia ya ncha ikikaguliwa njiani. Injinia mwenye leseni ndiye aliyesimamia na kusaini.

Baada ya hapo tulimlipa mtu aje na mashine halisi ya kusawazisha: kihisi kimoja juu ya giaboksi, kingine cha mwanga kinachosoma kipande cha utepe unaong'aa kilichobandikwa nyuma ya bledi. Kipimo chake ni inchi kwa sekunde. Tulianza na 0.24, ambayo ingali juu, 0.2 tayari ni ya kushughulikiwa. Akafunga washa moja, kipete cha chuma cha kuongeza uzito, kwenye bamba la nyuma ya kofia ya propela, akawasha injini, akaangalia imesogea upande gani, akaihamisha na kuongeza nyingine. Alipoondoka ilikuwa 0.06. Sindano ya presha ya oili ikawa moja.

Kile kichuguu cha 37 kilikuwa kabureta mbili zisizovuta sawa; tuliziunganisha na geji mbili za vakyumu, tukarekebisha nyaya, kikatoweka. Cha 75 kilinichosha zaidi kuliko propela, maana kilikuwa kidogo na kilijificha. Nilikipata kwa tochi: kwenye kona ya ndani ya kava ya injini palikuwa na doa la ukubwa wa ukucha, limesuguliwa hadi alumini inang'aa, sawasawa na mahali bomba la moshi linapopita. Bomba lilikuwa linaigusa kava pale tu injini ilipopata joto. Tukapata nafasi ya milimita kumi na kelele ikakoma.

Bado mlango wa kulia unalia kwenye 5,000, nao tumeuzoea. Bolti za propela tulizipima tena baada ya ruko la kwanza, zitapimwa kwenye saa 25, kisha kila saa 50, na kila mara ndege ikihama kati ya bara na pwani. Mmoja wa wenzangu ameshaanza kuuliza tutaipeleka lini Diani. Nimemwambia spana ya toki ina nafasi yake kwenye mizigo, apunguze nguo.