Sanduku la makufuli matatu

Jumapili mchana ukipita mtaani kwetu Mbagala utakuta kina mama ishirini na kitu wamekaa kwenye mkeka, katikati yao kuna sanduku la chuma lina makufuli matatu. Hicho ndo kikoba cha mama yangu, yani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, na mwaka huu na mimi nimeingia. Funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti na anayelala na sanduku hana hata ufunguo mmoja, kwaiyo halifunguki mpaka wote wawepo na kila mtu anaona.

Mwaka juzi baba aliumwa, genge la supu na chapati la mama likakata mtaji, akaenda kuchukua mkopo wa kausha damu. Waliopitia wanajua. Hela unapewa siku hiyo hiyo, maswali hakuna, ila marejesho ni kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, uuze usiuze. Alivyochelewa siku chache tu walikuja na kirikuu wakabeba tivii na jiko la gesi. Jiko jamani, yani kile kile anachopikia ili apate hela ya kuwalipa wao! Mama hakulia mbele yetu lakini wiki nzima alikuwa haongei, na mimi hilo sijalisahau.

Jirani yetu ndo alimshika mkono akampeleka kwenye kikoba. Pale hisa moja ni elfu mbili, kwa wiki unanunua kuanzia moja mpaka tano kulingana na mfuko wako, na mkopo mwisho mara tatu ya hisa zako. Riba ipo, watu wengi hapo hawaelewi, ila hiyo riba haiendi kwa tajiri, inaingia sandukuni na mwisho wa mwaka mkivunja kikoba kila mtu anagawiwa kwa hisa zake. Alafu kuna mfuko wa jamii, jero kila wiki, huo hauna riba kabisa, ni wa msiba, ugonjwa, mtu akijifungua. Baba alivyolazwa tena mwaka jana hela zilitoka siku ile ile na hakuna aliyeweka kitu rehani.

Zamani mama alikuwa anacheza upatu, ule mchezo wa kuchanga na kupokea hela kwa zamu, na upatu ni mzuri sikatai, ila zamu yako ikiwa ya kumi, na tatizo limekuja wiki ya tatu, unafanyaje? Unabaki kumbembeleza kijumbe, yule anayesimamia mchezo.

Na msidhani vikundi hivi vinaishia kwenye mtaji wa vitumbua. Kurasini pale walivyobomolewa kupisha upanuzi wa bandari, fidia ilienda kwa wenye nyumba, wapangaji wengi wakabaki hivi hivi. Watu wa vikundi vya kuweka akiba wakaunganisha nguvu, mwaka 2009 wakanunua ekari 30 kule Chamazi, wakajifunza kufyatua matofali ya kufungamana wenyewe na kuanza kujenga. Wapangaji hao, watu ambao benki isingewafungulia hata mlango! Nikifikiria hilo napata moyo sana.

Sasa kuna ile mikopo ya vikundi inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023 baada ya kuonekana kuna vikundi hewa na hela hazirudi, 2024 ikarudishwa. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote, ila naomba kitu kimoja, waanze na vikundi ambavyo tayari vina daftari na sanduku na miaka yao ya kukaa pamoja. Kikundi cha watu waliokutana siku ya kujaza fomu hakijuani, mmoja akihama mtaa hamna hata anayejua alipoelekea, wakati kwetu usipotokea Jumapili moja tu jioni watu wako mlangoni wanauliza unaumwa au vipi.

Tunavunja Disemba. Mama ameshapiga hesabu zake, anataka friji aongezee na juisi ya ukwaju pale gengeni, na jiko la gesi alishanunua tangu mwezi wa nne, la plate mbili.