Siku moja maishani mwangu: fundi wa kepu za baiskeli, Dar es Salaam

Saa 12:30 asubuhi

Beseni kwanza, mkasi baadaye. Khanga zilizonunuliwa jana Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, zinalowekwa kabla ya kazi nyingine yoyote. Khanga mpya ina wanga unaoikaza. Ukiikata hivyo hivyo mistari inanyooka vizuri mno, halafu kepu ikifuliwa mara ya kwanza hesabu yote inavurugika, maana pamba hurudi. Ikirudi kwa asilimia 3 tu, mzunguko wa sentimita 60 unapoteza karibu sentimita 2, na hiyo ni tofauti ya saizi nzima. Maji ya moto, sabuni kidogo, nusu saa, kisha kwenye kamba.

Kabla hazijatoka kwenye maji tunazipima mara mbili. Kipimo cha kwanza ni kiberiti: chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, zikauke, uziwashe. Pamba huungua, hunuka karatasi na kuacha jivu linalopukutika. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Zipo khanga za bei poa zenye poliesta na muuzaji hatakwambia. Poliesta hainywi jasho, na kepu isiyonywa jasho inalishusha lote machoni mwa mpanda baiskeli, hivyo kazi yake inakuwa haipo.

Kipimo cha pili ni rangi. Sugua uso wa khanga kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka chekundu, hiyo khanga haiendi kichwani kwa mtu. Itakuwa bitana ya mikoba. Wapo wanaoapa kwamba chumvi au siki inazuia rangi kutoka. Khanga iliyochapwa vibaya kiwandani haitibiki kwa vitu vya jikoni.

Saa 2:00 asubuhi

Violezo vya boksi gumu vinatandazwa mezani. Kepu ya baiskeli ya vipande vitatu ina ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia na ukanda wa kati unaotoka kwenye paji la uso kwenda kisogoni. Kwa kichwa cha wastani, cha sentimita 55 hadi 59, vipimo vyetu ni hivi:

Ubavu: sentimita 22 chini, kimo 10.5, umbo la nusu yai lililolazwa.
Ukanda wa kati: upana 8, urefu 34.
Ukingo wa mbele: mkunjo wa sentimita 18 mahali unaposhonwa, kina 5 katikati.
Nafasi ya mshono: sentimita 1 kila upande, isipokuwa ukingo ambao una milimita 6.

Fanya hesabu: 22 mara mbili, jumlisha 8 za mbele na 8 za nyuma, unapata 60. Ule mzingo wa juu wa ubavu ukiupima kwa tepu iliyosimamishwa wima unakuja karibu 34, sawa na urefu wa ukanda. Ukibadilisha kimo cha ubavu bila kugusa ukanda, hivi viwili havitakutana, na hakuna pasi itakayokuokoa.

Juu hakuna kifungo kama cha kepu ya mpira wa besiboli, wala vipande sita vinavyokutana utosini. Kepu hii inavaliwa chini ya helmeti, na chochote kinachotuna hapo kinageuka maumivu ndani ya saa moja. Zamani haikuwa hivyo. Mbio za barabarani za Ulaya ziliendeshwa kwa kepu ya pamba peke yake kwa miongo mingi. Mwaka 2003, baada ya mpanda baiskeli wa Kazakhstan, Andrey Kivilev, kufa kwa ajali kwenye mbio za Paris–Nice, shirikisho la dunia, UCI, liliifanya helmeti kuwa ya lazima. Kepu ikahamia chini yake, na ndiyo sababu kitambaa chembamba kama khanga kinaifaa kuliko kaki au jinzi.

Saa 3:00 asubuhi

Khanga imekauka, imepigwa pasi, sasa inakatwa. Hapa ndipo watu wanapoharibu kitambaa kizuri. Khanga moja ina upana wa karibu sentimita 110 na urefu wa 150, ina pindo pande zote, mji katikati, na jina moja tu. Kwa hesabu ya eneo, khanga moja inatoa kepu 8 hivi. Kwa hesabu ya jina inatoa moja, na doti inatoa mbili. Kwa hiyo jina hukatwa kwanza, vingine vyote vinapangwa kulizunguka.

Jina fupi la maneno mawili linakaa chini ya ukingo, ambako linasomeka ukingo ukikunjwa juu. Refu kidogo linapita kwenye ukanda wa kati. "Mwenda pole hajikwai" linafaa sana kwa ukanda, hasa ukimshonea mtu anayependa kukimbizana na daladala. Acha sentimita 2 tupu kila mwisho wa maneno, la sivyo herufi ya kwanza inaliwa na mshono. Majina marefu tunayaacha yabaki kwenye khanga yakavaliwe kiunoni.

Ubavu wa kushoto na wa kulia hukatwa pamoja, uso kwa uso, ili viwe jozi. Uzi wa kitambaa uende wima kutoka chini kwenda juu. Ukiulaza mshazari, kepu itavutika upande mmoja baada ya wiki chache za jasho.

Saa 4:00 asubuhi

Ukingo. Ndani yake kuna plastiki, na plastiki nzuri inatoka kwenye madumu ya mafuta ya kula ya lita 5. Angalia pembetatu chini ya dumu: namba 2 inafaa, na namba 5, ambayo utaikuta kwenye vifuniko na makopo mengi, inafaa zaidi kwa sababu inakunjwa mara nyingi bila kuvunjika. Unene uwe chini kidogo ya milimita 1. Dumu la lita 20 ni nene mno, ukingo wake haukunjiki juu. Boksi halifai kabisa. Mvua moja tu na linalegea.

Kata plastiki ikifuata mpindo wa asili wa dumu, pembe zote uziviringe, na iwe ndogo kuliko mfuko wake kwa milimita 3 pande zote. Upande wa kichwani usifike kwenye mstari wa mshono. Ikifika, sindano inagonga plastiki, inavunjika, na kipande chake kinaruka kuelekea machoni.

Vipande viwili vya kitambaa vinashonwa uso kwa uso kwenye mzingo wa nje, vinachanjwa vijipembe vya V kila sentimita 1, vinageuzwa, plastiki inaingizwa, na mdomo unafungwa kwa mguu wa cherehani wa kushonea zipu. Pasi inapigwa kabla ya plastiki kuingia. Baada ya hapo hapana: plastiki namba 2 inayeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, na pasi iliyowekwa joto la pamba inazidi hapo kwa mbali.

Saa 5:00 asubuhi

Sasa kuba lenyewe. Sindano namba 80/12, uzi wa poliesta (wa pamba unaozeshwa na jasho), hatua ya mshono milimita 2.5.

Ukanda wa kati umenyooka, ubavu umepinda, na viwili hivi lazima vishikane. Shona mstari mmoja wa kulinda kwenye ukanda, milimita 8 kutoka pembeni, kisha chanja pembeni kila sentimita 1.5, kina milimita 6. Sasa ukanda unakubali kupinda. Ubavu unakaa chini, ukanda juu ambako unauona.

Usianzie mbele ukamalizia nyuma. Meno ya cherehani yanavuta kitambaa cha chini kwa kasi tofauti na cha juu. Ubavu mmoja ukishonwa kutoka mbele na mwingine kutoka nyuma, ukanda unajinyonga na mstari wa katikati unaangukia kwenye nyusi moja. Anzia utosini, alama kwa alama, ushuke mbele. Rudi utosini, ushuke nyuma. Kinachozidi kitakuwa chini, ambako kinapunguzwa bila madhara.

Halafu kuna ile hesabu ambayo kila anayejifunza anaibishia mpaka aione kwa tepu. Mishono miwili inafika chini mahali panne. Kila mahali pana vitambaa viwili. Mshono ukiingia ndani kwa milimita 2 tu zaidi ya alama, ni 4 mara 2 mara 2: kepu imepungua milimita 16. Ndiyo maana kwenye bamba la cherehani tumebandika utepe wa karatasi kwenye sentimita 1 kamili, na kitambaa kinatembea kikigusa utepe huo.

Umeme ukikatika, kama leo, kazi hii haisimami. Cherehani ya miguu haina habari na nguzo. Kinachobadilika ni pasi. Ya mkaa haina namba za joto, kwa hiyo ijaribu kwenye kipande kila unapoongeza mkaa, na ipeperushie nje, mbali na meza.

Mshono unafunguliwa pande mbili kwa pasi, unapunguzwa hadi milimita 6, unafunikwa kwa utepe wa pamba wa sentimita 2, unashonwa tena juu milimita 8 kila upande. Ndani panabaki laini. Pitisha kidole: usipousikia mshono, helmeti nayo haitaukandamiza.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage. Mteja anaingia na helmeti mkononi, jambo jema, maana wengi huja na kichwa tu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Hebu vaa helmeti tuone."

Tepu inapita sentimita 2 juu ya nyusi na juu kidogo ya masikio. Kisha tunaangalia gurudumu la kukazia nyuma ya helmeti: kama tayari limelegezwa mpaka mwisho, kepu haitaenea na itabidi abadilishe helmeti. Anataka pia mistari ya bingwa wa dunia, bluu, nyekundu, nyeusi, njano na kijani. Tangu mashindano ya dunia yafanyike Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza Afrika, ombi hili halikauki. Jibu ni hapana. Mistari hiyo ni alama inayomilikiwa na UCI, na kwa waendeshaji wenyewe kuivaa bila kuishinda ni aibu. Anachagua pindo la khanga ya kijani.

Saa 8:00 mchana

Kuunganisha. Ukingo unabanwa katikati ya ukanda wa mbele: 8 za ukanda, 5 zinaingia kila ubavu. Juu yake unakuja mkanda wa jasho. Tunautoa kwenye fulana za mtumba za pamba, upana sentimita 4, zilizofuliwa mara nyingi mpaka zinakunywa maji papo hapo. Fulana mpya haifanyi hivyo.

Sindano inabadilishwa kuwa 90/14. Shona kwa kuzungusha gurudumu la cherehani kwa mkono pale mshono wa ukanda unapokutana na ukingo. Hapo ndipo tabaka zinapojazana. Nyuma, sentimita 16 zinaachwa wazi kwa lastiki ya upana wa sentimita 2. Urefu wa kukata ni 12: moja moja inashonwa kila mwisho, 10 zinafanya kazi. Kepu inakaa kwenye 54 na kutanuka hadi 60. Lastiki fupi ya 8 inaonekana nzuri dukani na kuacha alama kisogoni.

Saa 9:30 alasiri

Cherehani ya pili, ya mpira. Fundi baiskeli wa jirani hutuwekea tyubu zilizochoka. Tyubu ya baiskeli kubwa ina urefu wa mita 2 na kidogo. Ikipasuliwa inafunguka kuwa ukanda wa sentimita 8 hadi 10. Zenye viraka vingi zirudishe: solusheni, ile gundi ya viraka, inaganda kwenye sindano na uzi unaruka hatua.

Kata valvu, pasua kwa wembe, sugua kwa sabuni mpaka poda ya ndani iishe, kausha kivulini. Leo tunatengeneza mikanda ya kubana suruali isiingie kwenye cheni, 35 kwa 4, tabaka mbili, yenye kinato (velcro) miisho yote, na mifuko ya spana inayofungwa chini ya siti: nafasi ya spana namba 15, funguo za L za 4, 5 na 6, viraka na solusheni.

Mpira una kanuni moja ambayo kitambaa hakina: tundu la sindano halizibi. Hatua fupi inageuka mstari wa kuchania. Weka milimita 4, sindano 100/16, na mwisho wa mshono usirudi nyuma. Acha uzi mrefu uufunge fundo kwa mkono. Mpira ukinata kwenye mguu wa cherehani, paka poda juu na weka karatasi chini, kisha ichane baada ya kushona.

Saa 11:00 jioni

Ukaguzi. Kila kepu inavutwa pande nne, inavalishwa kwenye helmeti ya kazini, ukingo unakunjwa juu na chini mara kumi. Plastiki ikitoa mlio, ukingo unafumuliwa. Uzi unaoning'inia hukatwa, haubanwi kwa moto, maana moto huacha kidonge kinachokwaruza paji la uso.

Kepu za kwenda Moshi zinaondoka na basi la usiku. Zinapangwa moja ndani ya nyingine, ukingo kwa ukingo, kwenye boksi lenye kimo cha kutosha zisilale bapa. Kila moja inafungiwa kikaratasi: fua kwa mkono, anika kivulini, usipige pasi mbele.